Bahari Kuu Iko Jirani na Kiembeni, Ila Hatujaijua

Saa za jioni, vibarazani Kiembeni, ndipo watu huzungumza na jamaa zao walio nchi za Ghuba. Binti yuko Sharjah, kaka yuko Muscat, shangazi yuko Jeddah, na kwenye simu wanaonana uso kwa uso, wanaulizana habari za watoto na karo. Mazungumzo hayo hayapai angani kama wengi wanavyodhani. Yanakwenda ufuoni, yanaingia majini ndani ya nyuzi nyembamba za kioo, yanavuka mwamba, kisha yanateremka gizani na kufuata sakafu ya bahari hadi upande wa pili. Kebo ya TEAMS, iliyofikishwa Mombasa Juni 2009, ina urefu wa karibu kilomita 5,000 mpaka Fujairah, na mwanga huuvuka urefu huo wote kwa takriban sehemu moja ya arobaini ya sekunde. SEACOM ilifuata mwaka huohuo, EASSy ikaja mwaka 2010, na nyingine baadaye. Mei 2024 kebo mbili zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima.

Utegemezi huu ni wa zamani. Kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879, na ya kutoka Unguja ikafika Mombasa mwaka 1890. Kwa zaidi ya miaka 130 tumeikabidhi sakafu ya bahari maneno yetu. Lakini sakafu yenyewe tumeiona kiasi gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulikadiria kwamba binadamu ameshaona, kwa macho yake au kwa kamera, chini ya asilimia 0.001 ya sakafu ya bahari kuu ya dunia. Upimaji wa kutumia mawimbi ya sauti umefika mbele kidogo: kufikia katikati ya mwaka huo, asilimia 27.3 ya sakafu yote ya bahari ilikuwa imechorwa ramani inayokubalika. Na bahari kuu, kwa maana ya wanasayansi, ni kila kilicho chini ya mita 200. Hiyo ni kama thuluthi mbili ya uso wa sayari hii.

Msomaji wa Kiembeni asidhani hizi ni habari za mbali. Kutoka Kiembeni mpaka ufuo wa Bamburi au Shanzu ni mwendo wa tuktuk. Maji ya ndani ya mwamba ni mafupi. Yakitoka, watu hutembea kwa miguu wakitafuta pweza hadi karibu na pale mawimbi yanapopasukia. Nje ya hapo mambo hubadilika. Sehemu hii ya pwani ya Kenya ina ukanda mwembamba sana wa maji ya kina kifupi. Baada ya kilomita chache tu kutoka ufuoni sakafu inakatika, inateremka kupita mita 200, kisha 500, kisha elfu moja na kuendelea. Kaskazini, kwenye Ghuba ya Ungwana, ukanda huo ni mpana, na ndiyo sababu meli za kukokota nyavu za kamba hufanya kazi kule. Huku kwetu nafasi hiyo haipo. Ukihesabu njia, ukingo wa bahari kuu uko karibu na Kiembeni takriban sawa na ilivyo Mwembe Tayari, mjini Mombasa.

Ukingo huo una historia yake, na sehemu ya historia hiyo imo ndani ya kuta za nyumba zetu. Mawe ya matumbawe yanayochongwa kwenye matimbo ya pwani hii yametokana na mwamba uliokuwa hai chini ya maji yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mwamba huo ndio uliosagwa kuwa saruji pale Bamburi, na mashimo yake ndiyo ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971. Baadaye bahari ilishuka. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, maji yalikuwa chini kwa takriban mita 120, na mwamba wanaopigia mbizi watalii siku hizi ulikuwa kilima kikavu. Nenda nyuma zaidi, miaka milioni 165 hivi, na bahari yenyewe haikuwepo: Madagaska ilikuwa imeshikamana na Kenya na Somalia. Kisiwa kilipong'oka na kuteleza kuelekea kusini, ufa ulioachwa nyuma ukapanuka na kujaa maji. Ndilo Bonde la Somalia, lenye kina kinachozidi mita 4,000, lililotandaa mbele ya Mombasa, Malindi na Lamu.

Mvuvi wa mshipi anayetia nanga nje ya mwamba anaijua fizikia ya kilindi kwa mikono yake. Akimpandisha chewa kutoka mita mia moja, samaki hufika juu macho yamemtoka na tumbo limesukumwa nje kupitia mdomoni. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaolingana na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Hewa iliyo katika kibofu cha kuelea cha samaki yule ilikuwa imebanwa mara kumi na moja. Alipovutwa juu kwa haraka ikatanuka, na viungo vya ndani vikakosa pa kukaa. Ukimrudisha majini hazami tena, anaelea kwa ubavu. Mama karanga anayemnunua bandani humtia kisu bila kushangaa, kwa kuwa ameshaona wengi wa namna hiyo. Mimi huona pale, katika samaki mmoja wa kukaangwa, kuna somo zima la sayansi ambalo shule zetu za pwani zingeweza kulifundisha bila maabara.

Chini ya mita 200 mwanga wa jua haukuzi mmea wowote. Kilichobaki ni ubuluu hafifu, na kufikia mita 1,000 huo nao umekwisha. Katikati ya kina hicho huishi samaki wadogo, ngisi na kamba wasiohesabika, wengi wao wakiwa na viungo vinavyotoa mwanga. Kila jua linapotua hupanda mamia ya mita kuja kula karibu na uso wa bahari, na alfajiri hushuka tena. Hakuna uhamaji wa wanyama duniani unaoufikia huu kwa wingi, hata ule wa nyumbu wa Mara, na hutokea kila usiku mbele ya hoteli za Shanzu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mabaharia waliokuwa wakisikiliza mwangwi wa sauti majini walidhani wameipata sakafu ya bahari, kumbe ni umati wa viumbe. Jodari na nduwaro hawaishi bila umati huo. Nduwaro hushuka nao mchana na kupanda nao usiku, na ndiyo maana meli za mishipi mirefu humtegea giza likiingia. Mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, haukupata sifa yake ya uvuvi kwa bahati.

Shuka tena. Kwenye mita 4,000 kila sentimita moja ya mraba hubeba uzito wa zaidi ya kilo 400, yaani ukucha wa kidole gumba ungebebeshwa magunia kadhaa ya mahindi. Maji ni baridi ya nyuzi mbili hivi, huku juu yake, siku ya kaskazi, uso wa bahari una nyuzi 28 au 29. Baridi hiyo haikuzaliwa hapa. Maji ya sakafuni mbele ya pwani yetu yalizama kandokando ya Antaktika, yakatambaa kaskazini kwa muda mrefu sana, yakapenya kwenye mwanya ulio karibu na visiwa vya Amirante vya Ushelisheli, ndipo yakaingia Bonde la Somalia. Chakula nacho hutoka mbali: ni mabaki ya viumbe vilivyokufa juu, makapi na vinyesi, yanayodondoka taratibu kama theluji kwa majuma kadhaa kabla ya kufika chini. Yanaandamana na udongo. Yeyote aliyeona maji mekundu ya mto Sabaki yakimwagika baharini Malindi baada ya mvua ameona shamba la Ukambani likianza safari ya kwenda kilindini.

Samaki aliyeifanya bahari hii ijulikane duniani ni silikanti. Wataalamu walimjua kwa mawe tu. Visukuku vyake viliwafanya waamini kwamba alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mnamo tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilitia nanga East London, Afrika Kusini, ikiwa na samaki wa ajabu, wa rangi ya buluu, mwenye mapezi yaliyokaa juu ya vikonyo vya nyama mfano wa miguu. Mtunzaji wa makumbusho ya mji, Marjorie Courtenay-Latimer, ndiye aliyemtambua kuwa si wa kawaida, na Profesa J.L.B. Smith akampa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae.

Smith aliamini makao yake hasa yako kaskazini zaidi. Mwaka 1952 yeye na mkewe Margaret walizunguka pwani yetu wakikusanya samaki, na huko Unguja Margaret akakutana na nahodha mfanyabiashara, Eric Hunt, ambaye jahazi lake liliitwa Nduwaro. Akampa karatasi zenye picha ya silikanti na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Hunt akazipeleka Ngazija na visiwa vingine vya Komoro. Mwezi Desemba mwaka huohuo, mvuvi wa Nzuwani, Ahamadi Abdallah, akavua mmoja kwa mshipi usiku, na mwalimu wa kijijini aliyekuwa ameiona karatasi ile akamzuia asimkate vipande sokoni. Samaki akabebwa kuvuka kisiwa mpaka alipokuwa Hunt.

Kwa wavuvi wa Komoro hapakuwa na ugunduzi wowote. Walimwita gombessa, walimnasa mara mojamoja walipokuwa wakitafuta samaki wengine, na nyama yake yenye mafuta mengi hawakuipenda. Magamba yake magumu, yenye miiba midogo midogo, yaliripotiwa kutumiwa kuparuza mpira wa baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Nalisema hili kwa uzito: maarifa ya kilindi yalikuwako muda wote mikononi mwa watu wa mitumbwi, na kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Kenya ilimpata wake Aprili 2001, nje ya Malindi, kwenye wavu wa meli ya kukokota: jike la urefu wa mita 1.7 na uzito wa kilo 77. Kwa mkazi wa Kiembeni, Malindi ni mwendo wa saa mbili kwa matatu. Ila tukio hilo, ambalo nchi nyingine ingelichapa kwenye stempu na sarafu, halijulikani na vijana wengi wa Kisauni niliozungumza nao. Tanzania nayo ilianza kuwapata mwaka 2003 upande wa Songo Mnara, Kilwa, kisha kwa wingi huko Tanga, hasa karibu na Kigombe. Walinaswa kwenye jarife, nyavu za papa ambazo wavuvi walikuwa wameanza kuzishusha kina kirefu zaidi baada ya papa wa maji ya karibu kupungua. Makumi ya silikanti walikufa hivyo ndani ya miaka michache. Serikali ya Tanzania ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009.

Tazama maisha ya samaki huyu ndipo uone uzito wa hasara hiyo. Mchana hulala kwenye mapango ya kuta za mwamba, kati ya mita 100 na 300 hivi, wakati mwingine kadhaa kwa pamoja kwenye pango moja, bila kugombana. Usiku hutoka na kuelea na mkondo, akitumia nguvu kidogo sana, na pengine husimama kichwa chini mkia juu, akinusa umeme hafifu wa mawindo kwa kiungo kilicho puani mwake. Macho yake hurudisha mwanga kwa mng'ao wa kijani. Hatagi mayai nje. Hubeba watoto tumboni, na jike moja lililonaswa Msumbiji mwaka 1991 lilikutwa na watoto 26. Utafiti wa mwaka 2021 uliosoma alama za ukuaji kwenye magamba ulionyesha kwamba huishi karibu miaka 100, hupevuka akiwa na takriban miaka 55, na mimba yake huchukua miaka mitano hivi. Silikanti aliyezaliwa Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 angekuwa tayari kushika mimba mara ya kwanza karibu na mwaka 2018. Wavu mmoja wa usiku mmoja unaweza kumaliza kizazi kilichokuwa kikijengwa tangu enzi ya Mzee Kenyatta.

Na ni nani waliokwenda kutazama kilindi chetu? Wajerumani walipita na meli Valdivia mwaka 1899, chini ya Carl Chun, wakakokota nyavu zao pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1933 ilitoka Alexandria meli ya Misri, Mabahiss, yenye mabaharia Wamisri na wanasayansi wa Kiingereza na Kimisri. Mmoja wao, daktari Hussein Fawzi, baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri kwao. Ilifika pwani yetu mwanzoni mwa 1934. Nasikitika kwamba safari hiyo, ya meli ya Kiafrika katika bahari ya Afrika, haimo katika vitabu vya shule zetu. Mwaka 1951 Wadenmaki wa Galathea walishusha nyavu zao nje ya Mombasa kwenye kina cha karibu kilomita nne na kupandisha viumbe ambavyo vilipewa majina Copenhagen. Miaka ya 1960 zilikuja meli za Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 meli ya Norwei, Dr. Fridtjof Nansen, ikapima samaki wa bahari ya Kenya. Kazi zote hizo zilikuwa nzuri, na wanasayansi wetu huzitegemea hadi leo. Lakini vielelezo vingi viko kwenye chupa za makumbusho ya Ulaya, na ripoti zake zimeandikwa kwa lugha ambazo mvuvi wa Mtwapa hasomi.

Kwa upande wa sheria, Kenya ilitangulia wengi. Wazo kwamba nchi ya pwani iwe na eneo lake la kiuchumi baharini, hadi maili 200, lilipelekwa mbele na Mkenya, Frank Njenga, mwaka 1972, katika mikutano ya wanasheria wa Asia na Afrika na baadaye Umoja wa Mataifa. Mataifa makubwa yenye meli za uvuvi za mbali hayakulifurahia. Miaka kumi baadaye likaingia katika Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, Desemba 1982, na leo kila taifa la pwani duniani linaegemea hoja hiyo. Nchi iliyoipa dunia kanuni hiyo ilipaswa kuwa ya kwanza kujua kilichomo ndani ya maili zake. Badala yake tumejua zaidi habari za mpaka. Kesi ya Somalia na Kenya, iliyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 12 Oktoba 2021, ilihusu eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000, karibu lote maji ya kina kirefu. Kenya iliikataa hukumu. Katika mabishano yale yote, redioni na magengeni, tulisikia mafuta na gesi. Viumbe vya humo havikutajwa.

Mafuta yenyewe yametafutwa. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa kilichimbwa baharini na kukuta gesi isiyotosha biashara. Mwaka 2014 kampuni ya BG ilichimba kisima cha Sunbird kwenye kitalu cha L10A, mahali penye maji ya zaidi ya mita 700. Chini ya sakafu walikuta mwamba wa matumbawe wa kale, uliokua zamani karibu na mwanga kabla ya kuzama na kufukiwa na matope, nao ulikuwa na mafuta na gesi kidogo. Hakuna aliyeanza kuzalisha. Ila kwa mtu anayejali elimu, ule mwamba uliofukiwa ni hazina kuliko mapipa yaliyokosekana, na haujapata hata kibao kimoja cha maelezo Fort Jesus.

Mashine kubwa zaidi zinakuja. Mbali mashariki, katikati ya Bahari ya Hindi, kuna chemchemi za maji moto kwenye sakafu ambazo macho ya binadamu yalizifikia kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Hapo anaishi konokono ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye madini ya chuma, kiumbe asiye na mfano popote pengine. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kwa sababu ya uchimbaji madini unaopangwa huko. China, Korea Kusini, Ujerumani na India zina mikataba ya kutafiti madini ya Bahari ya Hindi kutoka kwa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyo Kingston, Jamaika. Sakafu hiyo, kwa mkataba ule wa 1982, ni urithi wa pamoja wa binadamu. Mrithi ni mkazi wa Kiembeni pia.

Majirani zetu wameonyesha kwamba nchi ndogo inaweza kushuka. Tarehe 14 Aprili 2019, Rais Danny Faure wa Ushelisheli alihutubia dunia akiwa ndani ya chombo cha kuzamia, mita 124 chini ya maji karibu na kisiwa cha Desroches, katika safari ya utafiti ya Nekton. Kuna watakaosema ilikuwa maonyesho ya kisiasa. Mimi naona tofauti: watoto wa visiwa vile walimwona kiongozi wao akiwa mahali ambapo awali waliwaona Wazungu pekee kwenye televisheni.

Sisi tunazo nyenzo, ingawa ni chache. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iko Mkomani, upande wetu huu wa Daraja la Nyali, na inayo meli ya RV Mtafiti, ambayo zamani iliitwa Zeeleeuw na kutolewa zawadi na Ubelgiji. Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kipo Tudor, na Chuo cha Mabaharia cha Bandari kipo mjini. Kijana wa Kiembeni anaweza kuzifikia taasisi hizi bila kulala njiani. Kinachokosekana ni siku za meli baharini, zana za kushuka kupita mita 200, na njia ya matokeo kurudi kwa watu kwa Kiswahili.

Anayedhani haya ni ya wataalamu peke yao akumbuke Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004. Sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra alfajiri kwa saa zetu. Juu ya maji ya mita 4,000, tsunami husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 700 kwa saa, kwa hiyo mawimbi yalitufikia baada ya saa nane au tisa. Ufuo wa Mombasa ulikuwa umejaa watu wa Krismasi. Habari zilikuwa zimeshafika kutoka Asia, na polisi wakawaondoa watu majini. Kenya ilipoteza mtu mmoja, Watamu. Somalia, ambako onyo halikufika, ilipoteza karibu watu 300. Umbali na onyo ndivyo vilivyotuokoa. Siku hizi upo mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, na kazi yake hutegemea kujua umbo la sakafu ambayo sehemu kubwa yake haijapimwa.

Kwa hivyo nina maombi, na nayatoa kwa wahusika ninaowataja hapa. Wizara inayosimamia uchumi wa buluu iweke kwenye bajeti fedha za kudumu za safari za RV Mtafiti nje ya mwamba, zisizosubiri mfadhili. Kitalu chochote cha sakafu ya bahari kisikodishwe kabla ya viumbe vyake kuorodheshwa na Wakenya. Silikanti apewe ulinzi wa wazi katika bahari ya Kenya, na wavuvi wa jarife waelezwe namna ya kumtoa na kumripoti pasipo kuogopa kushitakiwa. Makumbusho ya Taifa yamlete silikanti wa Malindi, japo kwa mfano wa plasta, Fort Jesus ambako watoto wa pwani wanafika. Na wewe msomaji uliye na mtoto katika shule ya Kiembeni, Mtopanga au Shanzu, mwombe mwalimu wake mkuu aandike barua KMFRI kuomba darasa lipokelewe Mkomani muhula ujao. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya matatu moja.